Hatua Sitini Kutoka Kona ya Kinu

Ndoo zilifika mlangoni Jumapili asubuhi, chai ikiwa bado jikoni. Hakuna aliyebisha hodi. Mama alisikia tu kitu kikigusa sementi, kisha kingine, kisha vingi mfululizo, kama mvua inayoanza kwa kusitasita juu ya bati. Akaenda kufungua huku anatabasamu, kwa sababu baada ya siku tano za mabomba makavu mtu huamini hata sauti. Alikuta ndoo arobaini na moja. Zilipangwa kuanzia kizingitini hadi langoni, za buluu, za kijani, nyingine zimezibwa nyufa kwa nta ya mshumaa, zote tupu. Wenyewe walisimama ng'ambo ya njia, mikono kifuani.

"Mwamshe binti yako aje azijaze," alisema mwanamke mmoja, taratibu, kama mtu anayeomba chumvi. "Alituambia saa kumi na mbili. Sasa ni saa moja, basi hajachelewa sana."

Wawili watatu walicheka. Mama alikuwa mshonaji wa sare za shule, na nusu ya watoto wa wanawake wale walivaa mishono yake; alijua viuno vyao na siri za pindo zao, lakini siku hiyo alisimama mlangoni na kanga begani kama mgeni nyumbani kwake.

Binti alikuwa ameshaamka. Alisimama nyuma ya pazia akizihesabu ndoo. Si yeye hasa aliyeahidi maji. Idara ya Maji ilimwajiri kwa majaribio ya miezi mitatu aitunze Msaidizi, programu ya akili mnemba inayojibu wateja kwenye simu zao. Jumamosi mtu aliuliza maji yatarudi lini. Msaidizi hakuwa na habari yoyote, lakini mashine ile haikuumbwa kunyamaza. Ilijibu kutoka tumboni mwake, kwa lugha safi kuliko ya meneja wa Idara: maji yatarejea leo saa kumi na mbili jioni, tunaomba radhi kwa usumbufu. Watu mia nne walipata jibu hilo hilo. Jioni mtaa mzima wa juu uliweka ndoo chini ya mabomba, ukakaa kwenye vizingiti ukisubiri, na mabomba yakakohoa mara moja tu, yakatoa pumzi ya kutu, yakanyamaza.

Baba alitoka akiwa na fimbo yake ya chuma. Mtaani alijulikana kama Mzee Sikio. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa fundi wa mabomba wa Idara, akitafuta mivujo kwa kuichomeka fimbo ile ardhini na kubandika sikio kwenye ncha ya juu. Siku hizi kumbukumbu yake ilikuwa inakuja na kuondoka, kama redio ya betri chovu. Alipita katikati ya ndoo akichechemea, bila kuzishangaa, akaisimamisha fimbo langoni, akainama, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Bado yamelala," alisema mwishowe, akawaamkia mmoja mmoja kwa heshima, akaenda zake kazini, ingawa kazi hiyo iliisha miaka tisa iliyopita.

Jumatatu meneja alimwita binti mbele ya wenzake wote wa chumba cha wateja. Hakumpa kiti. Alisema mashine inayodanganya kwa adabu ni mbaya kuliko karani anayetukana, kwa sababu karani walau watu humjua. Alisema wachimbaji wameshachimba mara mbili kwenye ukuta wa shule, pale ramani inapoonyesha valvu kuu ya mtaa wa juu, na mara mbili wamekuta mchanga mtupu. Ama valvu hiyo imejifunga chini ya ardhi au imevunjika, lakini kwanza ionekane, na hakuna aliyekuwa anajua iko wapi.

"Majaribio yako yanaisha Ijumaa," alisema. "Nataka jibu moja. Moja tu, ambalo mtu anaweza kulichimba akakuta chuma. Likipatikana, nitautia saini mkataba. Lisipopatikana, naizima mashine, na wewe rudi nyumbani ukamtungie mama yako uzi kwenye sindano."

Waliocheka walicheka, na wasiocheka walitazama kompyuta zao. Binti aliumia mara mbili, kwa sababu maneno yale yalikuwa kweli. Macho ya mama yalikuwa yanafifia. Kufikia alasiri hakuweza tena kutunga uzi, na sare za kushona zilikuwa zinapungua kila muhula. Mshahara wa binti ndio ulioishikilia nyumba ile. Kazi hii aliitafuta miaka miwili, ofisi kwa ofisi, bahasha kwa bahasha, hadi walinzi wa milangoni wakamjua kwa salamu.

*

Alijua kosa liko wapi. Msaidizi alikuwa anaulizwa mikono mitupu. Mtu mwenye akili ukimuuliza njia ya mji asioujua atakuelekeza tu, kwa aibu ya kusema sijui; ukitaka akuelekeze kweli, mpe kwanza ramani, barua na maneno ya wenyeji, ndipo umuulize.

Basi siku hiyo hiyo alikusanya. Akachukua kumbukumbu za Idara, kurasa elfu tatu zilizopigwa picha. Akachukua ramani, na malalamiko ya wateja ya miaka sita. Kila swali, kabla ya kumfikia Msaidizi, alilituma kwanza likatafute kwa njia tatu. Njia ya kwanza ilitafuta neno lenyewe, herufi kwa herufi. Hiyo peke yake haikutosha, kwa maana Idara iliandika valvu, mafundi waliandika koki, na wakazi waliandika kile kifuniko cha chuma cha pale kwetu. Njia ya pili ilitafuta maana, hata maneno yakitofautiana. Ya tatu ilitafuta mahali, kila kilichowahi kuandikwa karibu na njia fulani au kona fulani. Kisha matokeo yote aliyachanganya, yaliyotajwa na njia zaidi ya moja yakapanda juu, naye akayabandika mbele ya swali na agizo lisilo na mapambo: jibu kwa haya tu; kila sentensi itaje ilikotoka; yakigongana, sema yamegongana; yasipokuwepo, sema hujui.

Jumatatu alasiri aliuliza valvu iko wapi. Msaidizi alijibu kwa mara ya kwanza kama mtu mzima: Ramani inasema ukuta wa shule. Ripoti mbili za uchimbaji zinasema hapo hakuna kitu. Chanzo kingine sina. Sijui.

Binti alilisoma neno lile la mwisho akafurahi peke yake. Lakini sijui haijazi ndoo. Akawaza sanduku la bati chini ya kitanda cha wazazi wake.

*

Sandukuni mlikuwa na daftari saba. Baba aliandika ndani yake kila bomba alilolaza na kila koki aliyoizika. Siku alipostaafu alizipeleka ofisini mwenyewe, zimefungwa kamba, akiwa amevaa koti. Meneja wa wakati huo alifungua moja, akasoma mistari miwili kwa sauti ili wenzake wasikie, akamrudishia. Idara haina kabati la hadithi, mzee, alimwambia. Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa sanduku lile, hata kulifuta vumbi.

Jumanne alimkuta baba kwenye kiti cha uani, jua likimfika magotini. Cherehani ya mama ilisikika kutoka sebuleni. Binti alieleza anachokitaka, polepole, na baba alisikiliza hadi mwisho.

"Nenda kaiulize mashine yako," alisema. "Si ina akili?"

"Ina akili, Baba. Haina habari."

"Kama meneja wangu."

"Ndiyo, Baba. Kama meneja wako."

Mzee alicheka kidogo puani. Mama akadakia kutoka ndani kwamba mtu anayekalia mayai yasiyoanguliwa si kuku, ni kiti. Ampe mtoto vitu vyake. Baba akaliacha jua likapanda kutoka magotini hadi mapajani. Kisha akatoa sharti moja: asibadilishe neno hata moja, na baba ndiye amsomee, asisome peke yake, kwa kuwa mwandiko ule ulikuwa na mwenyewe.

Wakaanza. Alipofungua daftari la kwanza, redio ilikamata mawimbi. Sauti yake ikawa ya mtu wa miaka arobaini. Alisoma, naye binti akapiga picha kila ukurasa na kuandika anachosikia. Hapakuwa na tarehe. Baba aliandika siku na hali ya hewa tu. Jumanne, jua kali, bomba la inchi nne limepita chini ya mfereji. Alhamisi, manyunyu, koki ya mjane inafungwa kwa mkono wa kulia, usiilazimishe. Ijumaa, upepo, mwalimu analia, sikuuliza. Kadiri alivyosoma, mtaa mwingine ulijichora uani pale, mtaa wa chini kwa chini, wenye njia za maji badala ya njia za watu, na maji yanatembea gizani bila haraka, yanapinda kwenye kona ya kinu, yanapumzika chini ya shule, yanapanda kwa mjane. Cherehani ilisita. Mama alikuja kuegemea mlango, mkasi mkononi, akasikiliza miaka yake mwenyewe ikisomwa kama ya jirani.

Kwenye daftari la tano ndipo walipolikuta: *Koki kuu ya juu imehamishwa kutoka shule. Kona ya kinu, hatua sitini kuelekea shule, katikati ya njia. Kina, kifuani.*

Binti alisimama bila kujua amesimama. Baba akauliza kama amepata alichokitafuta, naye akasema amekipata. "Basi nenda, dada karani," baba alisema kwa upole, na binti akajua redio imepoteza mawimbi tena.

*

Jumatano alimuuliza Msaidizi upya, daftari zikiwa ndani. Jibu lilikuja na vyanzo vyake pembeni: daftari la tano la fundi mstaafu linasema valvu ilihamishwa, hilo linaeleza kwa nini ukuta wa shule ni mtupu, hatua sitini za mtu mzima ni kama mita arobaini na tano kutoka kona ya kinu. Mwishoni liliongeza kwamba kuna lalamiko la mshona viatu kuhusu lami inayobonyea mbele ya kibanda chake, ila kibanda hicho kiko mita thelathini na tatu tu kutoka kona, hivyo halilingani. Binti aliipita sentensi hiyo ya mwisho kwa haraka. Hilo lilikuwa kosa lake, na alilijua siku iliyofuata.

Wachimbaji wakaenda, meneja akiwa nao. Msimamizi wao aliitwa Koleo, mtu mnene, mtaratibu, aliyekuwa kijana wa kubeba vyuma enzi za Mzee Sikio. Walipima mita arobaini na tano, ikaangukia mbele ya kinyozi. Wakavunja lami, wakachimba hadi kifuani, wakapanua shimo huku na huku. Watu wakajaa. Kinyozi akatoa viti. Mchanga ulitoka mkavu na mwepesi kama unga, na kufikia adhuhuri shimo lilikuwa kubwa kiasi cha kuzika ng'ombe, na ndani yake hapakuwa na hata msumari.

Meneja hakukasirika. Alicheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akamuuliza binti, mbele ya mtaa mzima, kama hatua hizo sitini zilikuwa za baba yake au za kanga wa porini. Kisha akasema Idara ilikuwa na haki tangu zamani kutokuwa na kabati la hadithi. Mzee Sikio alikuwepo pembeni, amesimama na fimbo yake. Haikujulikana amesikia kiasi gani. Alikuja akatazama shimoni, akawashukuru wachimbaji kwa kazi nzuri, akaanza kurudi nyumbani.

Binti alimfuata nyuma, mbali kidogo, ili machozi yake yasiwe na shahidi. Jua lilikuwa limeifanya njia nyeupe kama karatasi. Mbele yake baba alitembea akichechemea: mguu wa kushoto unakwenda, wa kulia unavutwa kuufuata, unatua karibu nao, haupiti. Unakwenda, unavutwa. Alimtazama kwa muda mrefu bila kuwaza lolote, jinsi mtu anavyotazama mashine ya kushonea ikipanda na kushuka.

Kisha akasimama katikati ya njia.

*

"Baba alianza kuchechemea lini?" alimuuliza mama alipofika.

Mama alikuwa anapinda pindo. Alisema ni mwaka ule ukuta wa mtaro ulipomwangukia. Binti akauliza ni mwaka gani. Mama hakujua mwaka, alijua suruali. "Tangu hapo mguu wa kulia nakata vidole viwili pungufu," alisema. "Ya kwanza ilikuwa ile ya kazi, ya buluu, kitambaa kigumu kilichonivunjia sindano tatu. Vikabaki vipande, nikamshonea jalada la daftari."

Binti alikwenda chumbani akarudi na daftari zote saba, akazipanga juu ya meza ya cherehani. Mama alivaa miwani. Kila jalada lilikuwa limeshonewa kitambaa cha suruali ya miaka yake: kaki, kaki, kahawia, kijivu. La tano lilikuwa la buluu, gumu, na uzi wake ulikuwa umekatika mahali patatu.

Mama aliligusa jalada lile kwa kidole. Akasema, "Kwa hiyo mashine imempimia mume wangu miguu miwili mizima."

"Mashine na mimi, Mama."

"Ungeniuliza. Miaka thelathini nampima mtu huyu."

Hakuuliza, hakuna aliyeuliza. Katika kurasa elfu tatu na malalamiko ya miaka sita, mtu pekee aliyeijua hatua ile kwa tepu alikuwa amekaa sebuleni akipinda pindo.

Lakini kujua kwamba hatua ilikuwa fupi hakukutosha. Ilibidi kujua ni fupi kiasi gani, na baba wa leo alikuwa anapiga hatua fupi kuliko baba wa daftari. Binti alirudi kwenye kurasa za buluu, mstari kwa mstari, akitafuta mahali ambapo bado pako. Akapata: *Kutoka lango langu hadi bomba la kona, hatua arobaini kamili.* Lango lilikuwa pale. Bomba la kona lilikuwa pale, limekauka.

Alhamisi asubuhi mama na binti walitoka na tepu ya mshonaji, ya mita moja na nusu, wakaipima njia kwa magoti. Binti alishika mwanzo, mama alishika mwisho, kisha mwisho ukawa mwanzo, wakasonga. Hawakuwa na tepu nyingine, na kuazima ya Idara ilikuwa ni kumuomba meneja. Wanawake wa ndoo walisimama wakawatazama. Mmoja akauliza kama sasa wanaishonea barabara sare.

"Ndiyo," mama alisema bila kuinua kichwa. "Na kiuno chake ni chembamba kuliko chako, mwanangu."

Kicheko kilipasuka, cha kweli safari hii, na yule yule aliyeuliza akaja akawashikia tepu isipeperuke. Walifika bombani: mara kumi na nne na ziada, mita ishirini na mbili. Binti alikokotoa juu ya vumbi kwa kidole. Hatua moja, sentimita hamsini na tano. Hatua sitini, mita thelathini na tatu.

Alisoma tena lalamiko la mshona viatu, la miaka miwili iliyopita, ambalo Idara ililipokea na kulifunga bila jibu. *Mbele ya kibanda changu lami inabonyea, chini kunalia chuma nikipiga nyundo. Naomba mje.*

*

Meneja alikataa kuvunja lami mara ya nne. Alisema hivyo Ijumaa saa mbili asubuhi, mbele ya Koleo, huku simu za wateja zikiita nyuma yake bila kupokelewa. Binti alimpa karatasi. Msaidizi alikuwa ameandika kwamba vyanzo vinne sasa vinakutana mahali pamoja: daftari la tano la fundi mstaafu, kipimo cha lango hadi bomba la kona, kilichopimwa jana, maelezo ya mshonaji kuhusu mguu wa fundi, na lalamiko la mshona viatu. Kinachopingana navyo ni ramani tu. Aliandika pia kwamba hana hakika ya kina, kwa sababu lami iliongezwa baadaye.

Koleo aliisoma kwa kusogeza midomo. Alipomaliza aliikunja akaitia mfuko wa shati.

"Mimi huyu mzee namjua," alisema. "Huyu fundi viatu pia namjua. Nikikosa najua nani wa kumlaumu. Ramani nimlaumu nani?" Akatoka kuwaita vijana wake, na meneja hakumzuia, kwa kuwa kumzuia kungehitaji maelezo.

Mshona viatu alihamisha kibanda mwenyewe, akiwa na msumari mdomoni. Waliipasua lami. Kwenye kimo cha kifua hapakuwa na kitu, na watu wakaanza kutazamana, ila Koleo akasema iliongezwa lami, karatasi imesema, shukeni. Waliposhuka kiganja kimoja zaidi, sururu iligonga, na sauti yake ikapita chini ya miguu ya watu wote waliokuwa pale. Chuma. Valvu ilikuwa imekaa pale miaka yote, imejifunga kwa kutu, ulimi wake, bamba la kuzuia maji, umeanguka ndani. Waliuondoa, wakaweka mwingine. Koleo mwenyewe alishuka na spana, akazungusha taratibu, kushoto, kushoto, huku akisema na kile chuma kwa sauti ya chini.

Kwanza ilikuja hewa. Mtaa mzima wa juu ulisikia mabomba yakipumua, nyumba hadi nyumba, pumzi moja ndefu inayopanda mlima. Halafu maji ya rangi ya chai. Halafu maji. Watu hawakupiga kelele. Walisimama na mikono chini ya mabomba kama watu walioamshwa ghafla, wakiyaacha yapite vidoleni, wakitazamana.

*

Mkataba ulikuwa juu ya meza, na kalamu juu ya mkataba. Meneja alimpa kiti safari hii. Alimsifu. Alisema wakubwa wa makao makuu wameshasikia, wanakuja Jumatatu kuiona mashine iliyoiona valvu chini ya lami. Kulikuwa na jambo dogo la kurekebisha tu. Pale pembeni ya jibu palipoandikwa daftari la fundi mstaafu, na mshonaji, na mshona viatu, paandikwe Hifadhi ya Idara. Yote. Ni usafi tu, alisema. Wakubwa hawawezi kuonyeshwa kwamba Idara ilisaidiwa na pindo la suruali.

Binti aliitazama kalamu. Aliiona nyumba yao yote imekaa juu yake: miwani ya mama, kiti cha uani, chai. Aliona pia jinsi ilivyo rahisi. Maneno matatu tu, na hakuna ambaye angejua.

"Jibu lisilosema lilikotoka ndilo lililoniletea ndoo arobaini na moja mlangoni," alisema. "Siwezi kulirudisha."

"Hujanielewa. Sitii saini."

"Nimekuelewa, bosi. Basi izime, kama ulivyoahidi."

Alisimama. Meneja aliitazama kompyuta ile kana kwamba swichi yake imo katika lugha asiyoijua. Koleo, aliyekuwa ameketi mlangoni na matope yake akisubiri agizo, alikohoa, akasema mtaa wa chini nao umekauka tangu saa nne, na kwamba vijana wake wameshasema hawachimbi tena bila karatasi yenye majina ya watu. Nje ya mlango simu zilikuwa zinaita, tatu, nne kwa pamoja. Meneja alizisikiliza. Kisha akavuta mkataba, akautia saini haraka bila kumtazama, akausukuma upande wa pili wa meza kama sahani aliyoshiba.

*

Nyumbani mama alikuwa anafua kila kitu, hata vilivyokuwa safi. Uani kamba zilijaa, na nguo zilidondosha maji polepole juu ya vumbi. Baba alikuwa kwenye kiti chake, mikono ndani ya beseni, akiyatazama maji yanavyomshika vidole.

Binti alimweleza mama habari kwa sauti ndogo. Mama alimwaga povu, akasema alhamdulillahi, akamwambia sasa anaweza kununua miwani yenye akili. Kisha binti akaketi chini karibu na baba, akamkaushia mikono kwa upindo wa gauni lake, akampa nakala ya ile karatasi ya asubuhi. Baba aliisoma. Alikuwa msomaji wa polepole tangu ujana, na alisoma hadi vyanzo vilivyo pembeni, kimoja kimoja, kidole kikifuata mstari. Alipofika kwenye maneno ya daftari la tano, hatua sitini, katikati ya njia, kina kifuani, alirudia mara mbili.

"Fundi huyu," alisema, "anajua kazi."

"Anaijua, Baba."

"Ameandika kama mtu aliyeshika. Si kama hawa wa ofisini." Alifikiri, macho kwenye nguo zinazodondosha. "Na walimpuuza?"

"Walimpuuza. Miaka mingi."

Mzee akatikisa kichwa kwa uchungu, uchungu wa mtu mwenye haki anayemsikitikia mwenzake wa mbali. Aliikunja karatasi vizuri, pembe kwa pembe, akamrudishia.

"Mtafuteni, dada karani. Mtu kama huyo haachwi. Mpeni kazi."

Binti aliipokea kwa mikono miwili.

"Tumeshampa, Baba," alisema. "Ameanza leo."